Escudo, RAV4, X-Trail au Prado: kuchagua fowili ya mkononi yenye gesi ukiwa Dodoma

Magari mengi yenye mtungi wa gesi yanayouzwa Dodoma yamepanda kutoka Dar es Salaam. Mwenye gari amehamishwa kikazi, au amechoka na foleni ya kujaza, au ameona injini imeanza kupungua nguvu na anataka kumwachia mwingine. Dalali hatakwambia ni lipi kati ya hayo. Atakwambia, "Bosi, hii inakunywa gesi, inakunywa petroli, wewe tu unavyotaka." Si uongo. Ila huko Dar gari hilo lilikuwa likiishi kwa gesi, petroli ikiwa ya kuwashia asubuhi tu. Likifika kwako Nkuhungu au Kisasa litaishi kwa petroli, na gesi litaipata siku ya safari. Maana yake unanunua upande wa gari ambao mwenyewe alikuwa hautumii.

Ndiyo maana kwa mtu wa Dodoma nashauri hivi: chagua kwanza gari zuri la petroli, lenye fowili (yaani magurudumu yote manne kuvuta) inayolingana na barabara zako, kisha ndipo ufungue buti kuutazama mtungi. Ninayalinganisha manne, Suzuki Escudo (ndiyo Grand Vitara), Toyota RAV4, Nissan X-Trail na Prado ya petroli, kwa kuwa ndiyo utakayokutana nayo yadini na spea zake hazikutoi jasho. Subaru Forester nitaigusa kwa sababu watu huiulizia.

Pampu iko wapi

Gesi inayowekwa kwenye magari yetu ni gesi asilia iliyoshindiliwa, CNG, inayotoka Songo Songo na Mnazi Bay. Gesi ya Songo Songo ilifika Dar kwa bomba mwaka 2004, ya Mnazi Bay, kule Mtwara, mwaka 2015. Hakuna bomba lililopanda hadi huku kwetu, na vituo vya kujazia vimejaa Dar kwa sababu hiyo hiyo. Gesi ya kuuzwa kwenye mji usio na bomba hubebwa na lori lenye mitungi mirefu, na lori likichelewa pampu inakauka. Usinunue gari kwa kutegemea kituo ulichokisikia kwenye taarifa ya habari. Nenda mwenyewe, uone gari likijazwa, uwaulize madereva waliopo pale gesi ikiisha hukaa siku ngapi.

Kisha piga hesabu ya umbali. Mtungi wa kawaida wa chuma, wa lita 60, ukijazwa kwa mgandamizo wa baa 200 hubeba karibu kilo 10 za gesi. Kilo moja ya gesi ina nguvu ya kama lita moja na nusu ya petroli. Kwa hiyo mtungi mzima ni sawa na lita 15 hivi za petroli, basi. RAV4 inayokwenda kilomita 10 kwa lita itafika kilomita 150. Escudo ya kilomita 9 kwa lita itafika 135. Prado ya kilomita 7 itaishia 105. Ukijaza Dar na kushika barabara ya Morogoro, Prado itakuwa imemaliza gesi yake maeneo ya Chalinze, na hizo mbili nyingine zitaipita Chalinze lakini Morogoro mjini hazifiki. Hapo bado sijatoa foleni ya Kimara na Kibaha. Kutoka Dar hadi Dodoma ni kilomita 450 hivi, kwa hiyo mtungi mmoja unakubebea theluthi ya safari au pungufu, na kurudi Dar unarudi kwa petroli yote. Mitungi miwili itakufikisha maeneo ya Dumila, lakini buti limekwisha.

Sasa ziweke kwenye shilingi. Tuchukue petroli kuwa shilingi 3,000 kwa lita na gesi 1,550 kwa kilo. Wewe tumia bei za mwezi huo; za petroli ni bei kikomo za EWURA, mdhibiti wa nishati, zinazotoka Jumatano ya kwanza. Lita 15 za petroli ni 45,000. Kilo 10 za gesi ni 15,500. Kila mtungi unaoujaza umekuachia 29,500 mfukoni. Gari lenye gesi likikuzidi milioni mbili juu ya lenzake la petroli tupu, unahitaji kujaza karibu mara 68 kabla hujaanza kupata faida. Dereva wa Dar anayejaza kila siku anazirudisha ndani ya miezi mitatu. Mtu wa Dodoma anayeshuka Dar mara mbili kwa mwezi anahitaji karibu miaka mitatu, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wengi hata hizo mara mbili hawaendi tena na gari.

Kwa hiyo kama huna pampu ya uhakika karibu, usikubali kulipia mtungi kama nyongeza ya thamani. Ukiupata bure pamoja na gari zuri, sawa.

Injini zinazokubali na zinazokataa

Hapa ndipo magari mengi yanapotakiwa kuachwa kabla hata hujalizunguka.

La kwanza ni dizeli. Prado ya 1KZ, au Land Cruiser ya 1HZ, injini yake haina plagi za cheche; dizeli huwaka yenyewe kwa kubanwa na hewa ya moto. Gesi asilia haiwaki hivyo. Ama mfumo unachanganya gesi na dizeli, dizeli ikibaki kama kiberiti, ama injini imefunguliwa ikachongwa upya na kuwekewa plagi. Kazi zote mbili zipo duniani, lakini si za gereji ya uchochoroni, na gari la namna hiyo likikuharibikia Mpwapwa utakosa wa kuligusa. Liache.

La pili linawapata wengi bila kujua: injini za petroli zinazopulizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Toyota huziandika D-4. Nozeli zake zimekaa ndani kabisa, kwenye moto, na kinachozipooza ni petroli inayopita ndani yake. Ukihamia gesi, petroli inasimama, nozeli zinaungua taratibu. Ipo mitambo maalumu inayoendelea kupitisha petroli kidogo ili kuzipooza, lakini iliyozoeleka kufungwa si hiyo. Fungua boneti usome kifuniko cha injini. Kikiandikwa D-4, na mwenye gari akakwambia kafunga mfumo wa kawaida wa gesi, mshukuru uondoke.

La tatu si la kukataa gari, ni la kupima: vali. Gesi inaungua kavu. Haina ule unyevu na viambato vya petroli vinavyovihifadhi viti vya vali, kwa hiyo kiti hulika, vali huzama juu, na nafasi ya tapeti, ile inayoisukuma vali, hupungua hadi vali ishindwe kufunga vizuri. Dalili huanza kidogo: gari linatetemeka likiwa limesimama, linakohoa asubuhi, nguvu za mlimani zinapotea. Mwisho vali inaungua na kichwa cha injini kinafunguliwa. Mwambie fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya mbano, ya kila silinda kabla ya kulipa. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, gari hilo limeshakula kichwa chake hata kama linanguruma vizuri.

Halafu kuna mwinuko. Dodoma mjini ni kama mita 1,100 juu ya bahari. Injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo sehemu ya kumi imekwisha kabla hujaondoka nyumbani. Gesi nayo, kwa kuwa inachukua nafasi ya hewa ndani ya silinda, hupunguza asilimia 10 hadi 15 nyingine. Gari lililojaribiwa Mikocheni, Dar, likaonekana jepesi linaweza kukuchosha ukipandisha Nyang'oro kwenda Iringa au vilima vya Kolo, ukishapita Kondoa kuelekea Babati.

Escudo

Nazungumzia ile iliyoanza kutoka mwaka 2005, yenye kodi (namba ya modeli) ya TD54W kwa injini ya lita 2.0. Kwa barabara za mkoa huu, hili ndilo gari dogo pekee kati ya haya lenye fowili ya kweli. Magurudumu yote manne yanavuta muda wote, na kitufe chake kina 4H, 4H LOCK na 4L LOCK. Ile 4L ndiyo unayoilipia. Ukikuta korongo la mchanga baada ya Mtera, au udongo mweusi wa mbuga kule Bahi mwezi wa pili, unahitaji magurudumu yazunguke polepole kwa nguvu nyingi, na RAV4 au X-Trail haina gia hiyo. Ukitoka Kongwa kwenda vijijini, au Chemba ndani ndani, tofauti utaiona ndani ya nusu saa.

Udhaifu wake ni kwamba injini ya farasi 145 inaburuta gari la karibu tani 1.6. Toa mwinuko, toa gesi, unabaki na kama farasi 115. Kwenye lami ya Dodoma hadi Gairo ukiwa kwenye gesi, kulipita lori kunataka uvumilivu na akili. Rudisha petroli kabla ya kuovateki. Kwenye baadhi ya mifumo kubadilisha ukiwa mwendoni kunakata injini kwa sekunde moja, na sekunde hiyo si ya kuwa upande wa pili wa barabara, kwa hiyo badilisha mapema.

Tairi la akiba liko nje, mlango wa nyuma. Kwa gari la gesi hilo ni jambo kubwa, nitalirudia kwenye X-Trail. Ubaya wake ni kwamba tairi nje, mtungi ndani, uzito wote umelalia ekseli ya nyuma. Chungulia springi: gari likikaa nyuma limeinama bila abiria, zimechoka. Sikiliza mnyororo wa injini asubuhi ikiwa baridi. Gari lililocheleweshewa oili huchakarika sekunde za mwanzo. Sikiliza pia difu ya mbele, ikilia kwa mvumo unaopanda na mwendo ni gharama.

Kwa mtu wa shamba, mtu wa mradi vijijini, mtu mwenye ndugu Mpwapwa ndani, ningechukua hii hata mtungi ukiwa tupu mwaka mzima.

RAV4

Watu husema RAV4 kana kwamba ni gari moja. Kwa suala la gesi ni magari mawili yasiyofanana.

Ile ya miaka ya 2000 hadi 2005, iliyotoka Japani na injini ya lita 2.0, kwa kawaida ni 1AZ-FSE, yaani D-4. Hiyo ndiyo niliyosema uondoke. Inauzwa kwa bei ya kuvutia, ipo nyingi, na kuna walioifunga gesi hivyo hivyo. Usivutwe. Gari lenyewe kwa petroli halina ubaya mkubwa kama limetunzwa, lakini si la mtungi.

Iliyofuata, ile ya umbo kubwa zaidi yenye kodi ya ACA31, ina injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4. Mafuta yake huingia kwenye njia ya hewa, si ndani ya silinda, kwa hiyo gesi inaipokea vizuri. Farasi 170 kwenye gari jepesi kuliko Escudo: hata ukitoa mwinuko na gesi, bado inapandisha. Kwa anayekwenda Dar, Iringa na Babati kwa lami, na vumbi la kawaida la Mtumba na Ihumwa, ndiyo yenye raha kuliko zote nne. Vanguard ni ndugu yake wa injini hiyo hiyo, kwa hiyo haya yanaihusu pia.

Lakini 2AZ-FE inajulikana kwa kula oili, hasa zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2009. Vuta kijiti cha oili mwenyewe, usimwachie muuzaji. Ikiwa chini na nyeusi, umeelewa. Tazama eksozi baada ya kuteremka mteremko mrefu ukikanyaga tena: moshi wa bluu ni oili. Na giaboksi yake ya Japani ni CVT, isiyo na gia za kuhesabika, ambayo haipendi joto wala mzigo mzito wa muda mrefu. Ongeza mtungi, familia, magunia mawili ya mahindi na jua la mwezi wa kumi, ukaiburuza kwenye mchanga nusu saa, utaifupishia maisha. Fowili yake ni ya umeme. Kitufe cha kufunga kipo lakini hujiachia mwendo ukizidi. Inakutoa kwenye utelezi, haikutoi kwenye tope la magotini.

X-Trail

Namaanisha T30, ya mwaka 2000 hadi 2007, injini QR20DE. Kwa karatasi ndiyo rafiki wa gesi: nozeli za kawaida, farasi 150 kwa gari la tani 1.4 na ushee, giaboksi ya gia nne isiyo na maringo, na bei ya kununulia iko chini. Vitufe vyake vitatu, 2WD, AUTO na LOCK, vinaeleweka na mtu yeyote. Hakikisha kwenye kadi au kwenye kibao cha boneti imeandikwa NT30. Ile iliyoandikwa T30 peke yake haina fowili kabisa, na zipo zinazouzwa kama fowili kwa sababu umbo ni lile lile.

Tatizo lake kubwa kwa mtungi ni la ajabu kidogo. Tairi la akiba limelala chini ya sakafu ya buti. Mtungi umefungwa juu ya sakafu hiyo hiyo. Sasa pancha ikupate Gairo saa mbili usiku: ama mtungi ufunguliwe, kazi ambayo haifanyiki barabarani, ama tairi liwe limebebwa mahali pengine. Wengine huliweka juu ya kiti cha nyuma, wengine hulifunga kwenye keria ya juu, wengine hulibakiza kule kule chini na kumwomba Mungu. Muulize mwenye gari akuonyeshe analitoaje. Akishindwa kulitoa mbele yako, hana tairi la akiba.

Tapeti za injini hii hazina shimu, vile vipande vyembamba vya kurekebishia nafasi, za kubadilisha. Nafasi ikipungua kinabadilishwa kikombe kizima kwa kipimo. Mafundi wengi huikwepa kazi hiyo, kwa hiyo X-Trail iliyokula gesi miaka mingi Dar huenda haijawahi kupimwa tapeti hata siku moja. Hapa kompresheni si ya kujadili, pima. Sensa za kranki na kemu nazo hufa, gari linazimika likipata moto kisha linawaka likipoa. Si ghali, lakini mtu asiyejua ataanza kuulaumu mfumo wa gesi na kulipishwa reguleta, kile kifaa cha kupunguza mgandamizo wa gesi, bure.

T31 iliyofuata ina CVT. Niliyosema juu ya CVT ya RAV4 yanaihusu hii pia, na zaidi kidogo.

Prado ya petroli

Hapa ni lita 2.7 tu. Zile za V6 ziache kwa wenye vocha za mafuta. Prado ya umbo la 2002 hadi 2009 yenye kodi ya TRJ120 ina injini ya 2TR-FE, na kwa gesi hii ndiyo injini niliyo na imani nayo kuliko zote humu. Tapeti zake hujirekebisha zenyewe kwa shinikizo la oili, mnyororo badala ya mkanda, na nguvu yake ipo chini, mahali unapoihitaji ukipanda. Ile ya zamani, RZJ95 yenye 3RZ, ni ngumu vilevile lakini tapeti zake hutaka kupimwa na kuwekewa shimu. Fowili ni kamili: 4L, difu ya kati inafungwa, chesisi ya chuma chini.

Ila inakunywa. Mtungi mmoja kwa Prado ni mapambo. Ukiwa na miwili, buti lake kubwa linavumilia, tairi la akiba mara nyingi liko mlangoni, na gari halihisi kilo 140 zilizoongezeka. Kwa anayeishi Dodoma lakini ofisi ya mradi inamshusha Dar kila wiki, hili ndilo gari ambalo gesi inalipa haraka kuliko yote, kwa sababu ndilo linalotafuna petroli nyingi zaidi kwa kila kilomita. Kwa anayezunguka mjini Dodoma tu ni mzigo wa bei, wa tairi na wa shokapu.

Na jihadhari na moja: Prado nyingi nchini ni za dizeli. Tangazo likisema "Prado ya gesi" bila kutaja injini, piga simu uulize kodi ya chesisi kabla hujatoa nauli ya bodaboda.

Forester, kwa ufupi: gari zuri la lami na vumbi, linashika barabara kuliko yote haya, lakini injini yake imelala na kichwa kimoja kila upande. Kupima tapeti tu ni kazi ya siku. Injini inayodai tapeti zipimwe mara kwa mara, kwenye gari ambalo tapeti zake hazifikiki. Mimi nisingeifunga.

Mtungi wenyewe

Mtungi wa chuma wa lita 60 una uzito wa kama kilo 60, ukijazwa unafika 70. Ni abiria mtu mzima asiyeshuka kamwe. Ile myepesi ya nyuzi za kaboni ipo, lakini kwenye soko letu la mkononi hutaiona mara nyingi.

Soma maandishi yaliyogongwa shingoni: kiwango cha kimataifa cha mitungi ya magari, mara nyingi ISO 11439 au ECE R110, ujazo, mgandamizo wa kazi, tarehe ya kutengenezwa na mwisho wa maisha yake, kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Lazima kuwe na rekodi ya kupimwa upya kila baada ya miaka michache. Mtungi uliopakwa rangi nzito shingoni hadi maandishi hayasomeki, uhesabu hauna maandishi. Kutu ya juujuu haitishi, mashimo ya kutu yanatisha, hasa chini ya mikanda inayoushika ambako vumbi na maji hujificha.

Mtungi wa jikoni uliogeuzwa wa gari, wa gesi ya kupikia, sijui niseme nini. Haukutengenezwa kwa mtikisiko wala kwa ajali, na gesi ile ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni mwa gari ikisubiri cheche. Gesi asilia angalau hupanda juu na kutawanyika, ndiyo sababu valvu ya mtungi ulio ndani ya buti hufunikwa na mfuko wenye bomba linalotoka nje ya bodi. Bomba hilo lisipokuwepo, au likiishia ndani, aliyefunga hakuwa fundi.

Wapo wanaoning'iniza mtungi chini ya gari ili kuokoa buti. Kwa Dar, labda. Kwa makorongo yetu, jiwe moja litakuonyesha kosa.

Siku ya kulijaribu

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gari la gesi lililopoa huwaka kwa petroli na kuhamia gesi maji ya rejeta yakipata joto, kwa sababu reguleta inapashwa na maji hayo hayo. Ukifika ukalikuta tayari lina moto, hujui kama petroli inawasha.

Ukiliwasha, lifunge kwenye petroli kwa swichi ya gesi, uliendeshe hivyo nusu ya safari ya majaribio. Hili wengi hawalifanyi. Pampu ya petroli hupozwa na petroli iliyomo tangini. Mwenye gari aliyekuwa akitembea na taa ya mafuta inawaka miaka mitatu, kwa kuwa gesi ipo, ameikausha. Nozeli zake nazo zimeganda. Gari la namna hiyo linateleza kwa gesi na kusuasua kwa petroli, na wewe Dodoma ni mtu wa petroli. Likisita, likikohoa, likikosa nguvu upande huo, bei ishuke au uondoke.

Kisha hamia gesi. Mhamo uwe laini, taa ya injini isiwake. Panda kilima chochote, ukikanyaga kwa kina. Likigonga na kukatika kwenye mzigo, mara nyingi ni plagi au koili, kwa sababu gesi inadai cheche kali kuliko petroli. Hizo ni za kubadilisha tu. Ukirudi, paka povu la sabuni kwenye viungo vyote vya bomba kuanzia mtungi hadi boneti, injini ikiwa inanguruma. Povu likipuliza, umeona.

Unganisha kompyuta, soma makosa yaliyohifadhiwa. Yakiwa yamefutwa asubuhi hiyo hiyo, mashine ya fundi mzuri itakuonyesha.

Lililofungwa tayari, au ufunge mwenyewe

Kufunga mfumo mpya kwa injini ya silinda nne hugharimu kwa kawaida kati ya milioni moja na nusu na mbili na nusu, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ni kati ya wanaoifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Ukichagua RAV4 ya 2AZ au Prado ya 2TR ambayo haijaguswa, ukaipima, ukaitembeza miezi kadhaa kwa petroli, kisha ukaona kweli unashuka Dar kila wiki, kufunga mwenyewe kunakupa mtungi mpya, karatasi mpya na injini ambayo vali zake unazijua. Naona hiyo ndiyo njia ya mtu mwenye subira.

Lililofungwa tayari linafaa pale tu vitu vitatu vipo pamoja: karatasi ya karakana iliyofunga, rekodi ya kupima mtungi, na kompresheni nzuri. Linganisha pia aina ya mafuta iliyoandikwa kwenye kadi ya gari, na mwambie wakala wa bima kwamba lina gesi kabla hajakukatia, asije akakugeuka siku ya tukio.

Karatasi za mtungi zisipokuwepo na gari bado ukalipenda, mpe bei ya gari la petroli lisilo na gesi, kisha toa gharama ya fundi wa kuung'oa mfumo mzima na kuziba matundu ya sakafu. Muuzaji atalalamika kwamba mtungi peke yake aliununua kwa pesa nyingi. Mwambie auchukue, abaki nao.